Sufuri Nukta Tatu

Nilikuwa nikisokota waya kwenye shina la bisibisi,
mizunguko sita, mkono usitetemeke.
Khelef ameegemea kaunta yangu, Mwembe Tayari,
jua la Machi limemgandisha shati mgongoni.
"Shusha tena, Dada Mize. Shusha hadi chini."
Mita ilisoma sufuri nukta tatu.
Yeye alitaka nusu ya hapo.

Nikamwambia: ukinzani, mdogo wangu, ni bawabu wa geti.
Akiwa mkali, watu hupita mmoja mmoja.
Akilegea, umati mzima huingia kwa kishindo,
na moto ndio huo umati.
Alicheka. "Waache waingie."

Sikumdanganya, uzuri upo.
Nimeuonja mwenyewe, usiku, duka limefungwa:
wati themanini, juisi ya mkwaju na iliki,
mvuke ukanijaa kinywani kama uji,
mzito, vuguvugu,
kila ladha imesimama na jina lake.
Vile vikalamu vya wanafunzi hutoa pumzi ya paka.
Hiki hutoa wingu
ambalo jirani wa ghorofa ya tatu alilifungia madirisha
akidhani maghala ya Shimanzi yanaungua.
Na Khelef, aliyekuwa akimaliza pakiti kabla ya adhuhuri
kule bandarini anakohesabu makontena,
ana miezi saba hajawasha kiberiti.
Mamake aliniletea mkate wa sinia, mzima, kwa hilo.
Nikaula.
Nikanyamaza kuhusu yale mengine.

Yale mengine nikayasema siku hiyo, macho kwenye waya.
Chupa iliyomtosha wiki sasa haioni Jumatano.
Betri ya alfajiri huzimia adhuhuri, ya akiba alasiri,
na stima ikikatika Majengo
huja kwangu chaja mkononi, mbio mbio,
kama mwenye mgonjwa nyumbani.
Pamba ikikauka huvuta kitambaa kinachoungua,
akakohoa mpaka wateja wangu wakaziba pua.
Tena nikotini: kwa wingu la ukubwa huu
juisi kali ni kofi la moyo.
Si aliwahi kuketi hapa hapa sakafuni, ameinamia magoti,
akiniapia kuwa duka linazunguka?

Na Abudi wa Tudor.
Betri ya bei ya kutupa, gamba limechubuka,
ikalala mfukoni pamoja na funguo.
Betri sikuiona. Niliiona suruali.

"Basi nipe jibu moja," akasema. "Ni kizuri ama ni kibaya?"
Mimi si kadhi. Mimi nina mita.

Nikampa zile ncha mbili, nyekundu na nyeusi.
Shika. Kila mkono ncha yake. Bana.
Kioo kilihangaika, kikatulia:
laki nane na ushei.
"Hizo ni za nini?"
Ni zako. Ni ukinzani wako, Khelef,
umezaliwa nao, hukuununua kwangu.
Akatabasamu. Viganja vikaanza kulowa,
na tarakimu zikaanza kushuka,
laki sita,
laki nne na nusu,
tukizitazama wote wawili
na hapana aliyesema kitu.

Alizirudisha polepole, kama mtu arudishaye deni
ambalo hakujua anadaiwa.
"Iache hapo kwenye tatu," akasema. "Kwa leo."
Nikatia pamba. Nikamtoza mia mbili hamsini.

Kabla hajavuka barabara
wingu lilikuwa limeshammeza hadi mabega.
Upepo ukalirudisha dukani,
linanukia iliki,
na mimi, Mola anisamehe,
nikalivuta.